Pamba, Chumvi na Kucha ya Chuma: Kwa Nini Bunduki Kubwa ya Kuwindia Hugoma

Ukipita Lalago, wilayani Maswa, msimu wa mavuno, utapokewa na pamba. Imejaa kwenye marobota, imenasa kwenye miiba kando ya barabara, na watoto wameikalia kwenye mikokoteni. Ukiendelea kuelekea mashariki, mashamba yanaanza kupungua, na mbele yako liko Pori la Akiba la Maswa na Serengeti yenyewe. Huko wapo tembo, nyati na simba, na hao hawajui mpaka wa shamba uko wapi.

Pamba na tembo wanakutana ndani ya kitu kimoja: bunduki kubwa ya kuwindia. Tembo akiingia kijijini, anaitwa askari wa wanyamapori. Akifika, kijiji kizima kinakaa nyuma yake. Sasa fikiria anavuta kifyatulio, na badala ya mlio inasikika "ta!" basi. Hapo hakuna mjadala mrefu. Tembo ana tani 5, askari ana sekunde 3.

Kwa nini bunduki igome? Swali hili limewasumbua mafundi kwa zaidi ya miaka 150, na kila jibu walilopata lilizaa tatizo jingine. Twende nalo taratibu.

Enzi za gumegume na fataki

Kabla ya bunduki, Usukumani kulikuwa na wawindaji wa tembo waliokuwa na chama chao, bayege. Walikuwa na dawa zao, nyimbo zao na miiko yao. Uwindaji haukuwa wa kila mtu, ulikuwa ujuzi wa kurithishana.

Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ikaleta gobore kutoka pwani. Gobore linajazwa kwa mbele: unamimina baruti, unashindilia kitambaa, unasukuma risasi. Yale ya mwanzo yaliwashwa kwa jiwe la gumegume likigonga chuma. Baadaye ikaja fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Fataki ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu mvua haikuzima tena cheche. Lakini ukishafyatua, umebaki na rungu mkononi. Kujaza upya ni kazi ya nusu dakika, na nyati hakupi nusu dakika.

Hapa historia inaingiliwa na siasa. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupambana na biashara ya watumwa ulizuia bunduki za kisasa zinazojazwa kwa nyuma zisiingizwe kiholela katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann akatoa amri ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kibali kikaanza kulipiwa. Matokeo yake yalieleweka haraka: Mzungu alikuja na bunduki ya kisasa, Mwafrika akabaki na gobore. Tukisema leo kwamba gobore ni "silaha ya jadi", tukumbuke kwamba ilikuwa jadi kwa kulazimishwa.

Komeo la mlango

Bunduki ya kisasa tunayoizungumzia ina komeo. Ni komeo kwelikweli, kama la mlango: unainua mkono wake, unavuta nyuma, ganda tupu linaruka nje, unasukuma mbele, risasi mpya inaingia chemba, unashusha mkono, mlango umefungwa.

Aliyeifanya kazi hii vizuri kuliko wengi ni Paul Mauser, fundi wa Oberndorf, Ujerumani. Bunduki yake ya mwaka 1871 ilikuwa na mtutu wa milimita 11 na ilichukua risasi moja moja. Ilikuja huku mikononi mwa askari wa jeshi la kikoloni, na hata vita vilipoanza mwaka 1914 askari wengi bado walikuwa nayo, ingawa Ulaya ilishapitwa na wakati.

Tatizo lake lilikuwa baruti nyeusi, ule mchanganyiko wa zamani wa shura, mkaa na kiberiti. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, inabaki vumbi gumu. Sehemu yake inatoka kama wingu la moshi linalomwonyesha adui ulipo. Sehemu nyingine inaganda ndani ya mtutu, na baada ya risasi kadhaa usipoosha, shabaha inaharibika.

Suluhisho lilitoka kwenye pamba. Mwaka 1846 mkemia Christian Schönbein aligundua kwamba pamba ikitiwa kwenye mchanganyiko wa asidi ya naitriki na asidi ya salfuriki inageuka kitu kingine kabisa. Kwa macho bado ni pamba, lakini inaungua mara moja na karibu yote inakuwa gesi. Ilikuwa kali mno, ikalipua mitutu. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akaituliza kwa kuiyeyusha na kuikausha kuwa vipande, ikaungua kwa mpangilio. Mwaka 1889 Waingereza wakatengeneza ya kwao, kodaiti, kwa kuchanganya pamba hiyo na nitrogliserini na kuivuta iwe kama tambi.

Tofauti yake inaonekana kwenye hesabu. Nishati ya risasi ni nusu ya uzito mara mraba wa kasi. Mauser ya 1871 ilirusha gramu 25 kwa mita 430 hivi kwa sekunde: juli 2,300. Kaliba .375 ya mwaka 1912, kwa kutumia kodaiti, ilirusha gramu 19 na ushei kwa mita 770 hivi: zaidi ya juli 5,700. Risasi nyepesi zaidi, nguvu zaidi ya maradufu. Siri ni huo mraba wa kasi.

Risasi zilizolala baharini

Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens ilijipenyeza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki, risasi na makaa. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaipiga. Meli ikazama kwenye maji mafupi, Waingereza wakadhani kazi imekwisha. Wapi! Mzigo ulitolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi.

Kilichofuata ni moja ya kazi kubwa za ukarabati wa risasi katika historia yetu. Risasi zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa juani, maganda yakasafishwa, kisha zikafungwa upya. Baruti isiyo na moshi ikikauka inarudi kazini. Mkorofi ni fataki: ikiingiwa na unyevu na kutu, haiaminiki tena. Ndiyo maana nyingi ziliendelea kugoma.

Somo hilo halijazeeka. Risasi inayogoma ina hatari mbili. Ya kwanza unaijua: mnyama bado anakuja. Ya pili ni kwamba huenda haijagoma bali imechelewa, cheche inatambaa ndani polepole. Anayefungua komeo papo hapo anaweza kulipukiwa usoni. Ndiyo maana penye shabaha ya mazoezi mtu hufundishwa kuelekeza mtutu mahali salama na kusubiri. Porini mbele ya nyati, sheria hiyo inagombana na uhai wake.

Jua la Usukumani na ganda lililonasa

Kodaiti ilikuwa na ugonjwa wake: joto. Mwitiko wa kikemia huenda kasi zaidi joto likipanda, kwa hiyo risasi iliyopimwa kwenye ubaridi wa London ilizaa mgandamizo mkubwa zaidi ikishinda juani Afrika. Na mgandamizo ukizidi, ganda linanasa.

Kwa nini? Ganda la shaba nyeupe hutanuka likilipuka, likajibana kwenye kuta za chemba na kuzuia gesi isirudi nyuma. Gesi ikishatoka, ganda linanywea kidogo na kutoka kirahisi. Mgandamizo ukizidi, linashindwa kunywea. Unavuta komeo, halitoki.

Wahunzi wa London walijibu kwa njia mbili. Kampuni ya Rigby, mwaka 1911, ilitoa kaliba .416 yenye ganda kubwa kuliko mahitaji, ili gesi ipate nafasi na mgandamizo ubaki chini. Holland & Holland, mwaka 1912, walitoa .375 yenye ganda lililochongoka kidogo kuelekea mbele. Chukua bilauri mbili zilizochomekwa pamoja: zikiwa zimechongoka, ukivuta kidogo tu zinaachana. Zikiwa zimenyooka kama bomba, zinasuguana hadi mwisho. Ni jiometri tu, lakini imeokoa watu.

Kucha

Kuna kosa moja lisilotokana na kemia, linatokana na hofu. Mtu akiogopa, anavuta komeo nusu. Katika bunduki nyingi, risasi mpya inakuwa imelala tu mbele ya komeo bila kushikwa. Akivuta tena, ya pili inapanda juu ya ya kwanza, zote mbili zinabanana. Bunduki imekwama kabisa.

Katika bunduki zake za miaka ya 1890, hadi ile maarufu ya 1898, Mauser aliweka kucha ndefu ya chuma ubavuni mwa komeo. Risasi ikitoka tu kwenye magazini, kucha inaikamata kitako na haiiachii mpaka itolewe nje. Ukivuta nusu na kusukuma tena, risasi ni ile ile. Kucha hiyo pana pia ina nguvu ya kung'oa ganda lililonasa. Mwaka 1964 kampuni ya Winchester ya Marekani iliiondoa kwenye bunduki yake maarufu, Model 70, ili kupunguza gharama. Wawindaji wa wanyama hatari walilalamika miaka mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kucha ikarudi.

Chumvi isiyoogopa mafuta

Bunduki nyingi za zamani ziliharibika zikiwa zimepakwa mafuta vizuri kabisa. Ikoje hiyo? Fataki za wakati ule zilikuwa na potasiamu kloreti. Ikilipuka inaacha kloridi ya potasiamu, chumvi ndugu na ile ya mezani, ndani ya mtutu. Chumvi inavuta unyevu wa hewa, unyevu unaleta kutu. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu. Wazee walioelewa walimimina maji ya moto mtutuni, wakakausha, ndipo wakapaka mafuta. Anayeona ajabu chuma kuoshwa kwa maji, akumbuke sufuria ya mchuzi wa chumvi.

Na mafuta yenyewe yasizidi. Vumbi la mbuga za Maswa likikutana na mafuta mengi linakuwa msasa wa majimaji. Mafuta mazito yakiganda kuzunguka pini inayogonga fataki, pini inapungua mwendo, na ile "ta!" ya mwanzo inarudi.

Bunduki ya serikali

Baada ya Vita vya Kwanza, Waingereza walimteua Charles Swynnerton kuwa mkuu wa kwanza wa wanyamapori Tanganyika. Baadaye aliongoza utafiti wa mbung'o, makao yakiwa Shinyanga, jirani kabisa na Maswa. Aina moja ya mbung'o, Glossina swynnertoni, imebeba jina lake. Miaka ya 1940 Shinyanga ilifanyika jaribio la kuua maelfu ya wanyama ili mbung'o wakose damu. Mbung'o kweli walipungua. Yaani bunduki ya kuwindia iligeuzwa kifaa cha maabara, na gharama ililipwa na wanyama ambao jamii hizo hizo zilikuwa zikikatazwa kuwinda.

Ahadi ya .458

Mwaka 1956 Winchester ilileta kaliba .458, bei nafuu, kwa ajili ya Afrika. Ilienea haraka miongoni mwa wawindaji na askari wa wanyamapori. Kwenye karatasi: gramu 32 kwa mita 650 kwa sekunde, juli 6,800. Ili itoshe kwenye komeo la kawaida, ganda lilifupishwa hadi milimita 63.5. Nafasi ikawa ndogo, baruti ikashindiliwa. Ikikaa muda mrefu, hasa kwenye joto, iliganda kama unga ulioingia unyevu, ikaungua vibaya. Kumbuka ule mraba: kasi ikishuka kwa asilimia 10, nishati inashuka kwa asilimia 19.

Mwaka 1959 Mmarekani Jack Lott aliumizwa na nyati Msumbiji, na hakuiamini .458 tena. Mwaka 1971 alitoa .458 Lott, ambayo kimsingi ni ganda lilelile likirudishiwa urefu. Winchester nao walirekebisha baruti yao. Tatizo zima lilikuwa milimita 7 na ushei.

Basi nani anashika bunduki leo?

Kumiliki bunduki Tanzania kunasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni hupitia Jeshi la Polisi. Kuwinda ni kibali kingine, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa hiyo mkulima wa vijiji vinavyopakana na pori haombwi kuwa mjuzi wa makomeo. Anaombwa kumwamini mtu mmoja mwenye bunduki moja, ambayo pengine ina umri mkubwa kuliko yeye.

Uaminifu huo hauko kwenye ukubwa wa kaliba. Uko kwenye vitu vidogo: fataki kavu, risasi zisizoachwa juani kwenye gari, mtutu ulioondolewa chumvi, pini isiyo na grisi, na mkono uliozoeshwa kuvuta komeo mpaka mwisho. Mkulima wa pamba anapouliza kama askari amefanya mazoezi mwaka huu, na kama risasi zake ni za lini, hajavuka mipaka yake. Ni swali la sayansi, na maisha yake yamo ndani ya jibu.