Sabuni Yenye Mikia Miwili

Nikikimbizwa na kanjo, moyo hunienda mbio: adrenalini imefika kwenye kipokezi chake, protini iliyozama katika utando wa mafuta wa seli. Brian Kobilka alianza kukifuatilia miaka ya 1980. Kukitoa kwenye mafuta kunataka sabuni, lakini katika sabuni ya kawaida kipokezi na protini inayobeba ujumbe wake havikudumu pamoja. Mwaka 2010 yeye na Samuel Gellman wa Wisconsin, na wenzao, wakatangaza sabuni mpya, kama mbili zilizoungwa kiunoni: vichwa viwili vya sukari, mikia miwili ya mafuta. Hiyo haibanduki ovyo. 2011, umbo la wawili hao likachapishwa, wameshikana kabisa. 2012, Nobeli. Habari nilizosoma za tuzo hiyo zinairuka sabuni. Mimi hapo ndipo ninaponogewa.