Kobe, sandwichi na limau: utani wa wanaanga wa kwanza

Mvua inanyesha tangu asubuhi, matope imejaa njia yote, basi niko ndani naandika.

Kwenye avenue yetu kuna mzee mmoja. Kila mara akisikia habari ya mwezi, anarudilia ileile: Armstrong, Aldrin na Collins walifika Kinshasa Oktoba 1969, miezi 3 tu baada ya safari yao ya mwezini, na yeye aliona picha zao. "Walikuwa watu wagumu," anasema, "ile aina ya watu wasiocheka." Mie nilimwamini miaka mingi. Picha za zamani zinamuunga mkono pia: nguo nyeupe, nywele fupi, uso kama wa askari mbele ya bendera. Kumbe nilipoanza kusoma historia yao, nikakuta ni watu wenye walikuwa wanachezeana utani sawa vile sisi tulikuwa tunafanya kwenye homu ya wanafunzi. Tena walikuwa na chama.

Wale 7 wa kwanza wa Marekani walitangazwa Aprili 1959. Wote walikuwa marubani wa jeshi wa kujaribu ndege mpya, kazi yenye ilikuwa inazika watu kila mwaka. Kati yao, bingwa wa mchezo alikuwa Wally Schirra. Huyo njo alileta sana kati ya wenzake chama cha makobe, chama cha utani wa kwenye baa kinachosemwa kilianzia kwa marubani wa vita kuu ya pili. Sheria yake ni moja. Mwenzako anakuuliza mbele ya watu: "Wewe ni kobe?" Lazima ujibu palepale kwa maneno yaleyale ya chama, na ndani ya jibu kuna neno la Kiingereza lenye maana mbili, punda na makalio. Ukiona haya ukanyamaza, unalipia kinywaji wote waliosikia swali. Wenyewe walijitetea kwamba hakuna tusi pale, juu kila kobe anahesabiwa kuwa na punda wake mpole. Na kwa nini kobe? Walisema kobe hafiki popote bila kutoa shingo nje.

Sasa fikirieni. Tarehe 3 Oktoba 1962 Schirra yuko angani peke yake, anazunguka dunia mara 6. Chini anayeongea naye ni Deke Slayton, mmoja wa wale 7, mwenye madaktari walikuwa wamemkataza kuruka juu ya moyo wake uliokuwa unapiga vibaya. Redio iko wazi, watu wanasikiliza. Slayton anauliza: Wally, wewe ni kobe? Schirra akahamisha sauti kwenye mashine ya kurekodi ya ndani ya chombo, akajibu pale, vizuri kabisa, bila dunia kusikia. Kinywaji hakulipa.

Miaka 2 na nusu baadaye ikaja ya sandwichi. Machi 23, 1965, Gus Grissom na John Young wanaruka na Gemini 3, safari ya saa karibu 5. Kazi moja yao ilikuwa kujaribu chakula cha angani, kile cha kukaushwa, cha kurudishiwa maji. Young akachomoa mfukoni sandwichi ya nyama ya ng'ombe ya chumvi. Aliyeinunua huko Cocoa Beach? Schirra, nani mwingine. Mkate wake ulikuwa wa segele, nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya ngano. Mkate wa namna ile unavunjika-vunjika, mtu wa agronomia angewaambia mapema. Grissom akauma, vipande vikaanza kuelea ndani ya chombo chenye swichi na waya kila pembe, akairudisha haraka mfukoni. Wabunge wakakasirika, na mkubwa mmoja wa NASA akalazimika kuahidi Bungeni kwamba hatua zimechukuliwa ili sandwichi isirudi angani. Young mwenyewe hakuharibikiwa: mwaka 1972 alitembea mwezini, na 1981 aliongoza safari ya kwanza ya chombo chenye mabawa.

Desemba ileile Schirra na Stafford waliripoti kwamba wanaona kitu cha ajabu kinapita kutoka kaskazini kwenda kusini. Kumbe ni Baba Noeli. Wakapiga wimbo wa Krismasi kwa kinanda cha mdomo na njuga walizoficha kwenye mizigo. Warusi nao walikuwa na desturi zao, wananiambia basi la Gagarin lilisimama njiani 1961 ili akojoe kwenye gurudumu, na waliomfuata wakaiga. Lakini turudi kwa Grissom, juu yeye njo alinifanya niandike hii.

Chombo chake cha kwanza, Julai 1961, kilizama baharini baada ya kurudi. Mlango ulifunguka mapema, yeye mwenyewe akaponea kidogo tu kuzama. Watu walimcheka na wengine walimlaumu. Alipopewa Gemini 3 akaipa jina Molly Brown, mwanamke wa mchezo wa jukwaani asiyezama. Wakubwa hawakupenda, wakamuomba jina lingine. Akasema sawa, basi Titanic. Wakakubali Molly Brown.

Halafu akapewa Apollo ya kwanza, pamoja na Ed White na Roger Chaffee. Kazi ilikuwa inakimbizwa, makosa ni mengi, waya zinabadilishwa kila wiki. Mwaka 1966 wale watatu walipiga picha wameketi mezani mbele ya mfano mdogo wa chombo, vichwa chini, mikono imeunganishwa kama watu wa sala. Wakamzawadia Joe Shea, mkubwa wa mradi wa chombo kile, na maandishi yenye maana hii: si kwamba hatukuamini, ila safari hii tumeamua kumuona aliye juu yako. Watu walicheka.

Januari 1967, siku chache kabla ya jaribio, Grissom alichuma limau kwenye uwanja wa nyumba yake Houston. (Limau, si ndimu. Kwetu tunachanganya, lakini diploma yangu hainiruhusu.) Mke wake Betty akamuuliza la nini. Akajibu anaenda kuitundika kwenye kile chombo. Kwa Wamarekani, mashine mbovu inaitwa limau. Akaitundika kweli, kwenye chombo cha mazoezi, chenye hakikufanana tena na chombo chenyewe.

Hapa nawakumbusha kitu. Kwenye stage yangu moja tulikuwa na pompi ya mgongoni ya kupulizia dawa, inavuja. Tukaifunga nepi ya mtoto. Mkubwa wetu alicheka sana, akapiga na picha kwa simu. Mchana uleule tukapulizia nyanya na pompi ileile, na mwenzetu akaungua ngozi ya mgongo majuma mawili. Tulikuwa tumesema, ni vile tulisema kwa njia yenye mtu anaweza kucheka na kupita. Lakini njia ingine tulikuwa na gani, sisi bastajieri?

Tarehe 27 Januari 1967 jioni, Grissom, White na Chaffee walikuwa wamefungiwa ndani ya chombo juu ya roketi isiyo na mafuta. Jaribio hilo halikuhesabiwa kuwa la hatari. Hewa ya ndani ilikuwa oksijeni tupu, imeshindiliwa kupita hewa ya nje. Vitu vya kushika moto vilikuwa vingi. Mlango ulikuwa unafunguka kwa kuvutwa ndani, na moto ukianza pressio ya ndani inaubana. Hakuna mtu angeweza kuuvuta. Cheche moja ilitosha. Kutoka sauti ya kwanza ya "moto" hadi kimya, hazikufika sekunde 20.

Chombo kikafanywa upya. Mlango sasa ulifunguka kwenda nje kwa sekunde chache, na hewa ya wakati wa kuruka ikachanganywa na nitrojeni. Aliyepewa kukijaribu, Oktoba 1968, kwa siku 11, ni Schirra. Safari hiyo alikuwa na mafua, mkali, anabishana na watu wa chini karibu kila siku. Utani ulikuwa umepungua. Ila mbele ya kamera ya televisheni, Marekani nzima inatazama, akainua kikaratasi chenye swali: Deke Slayton, wewe ni kobe?

Slayton akajibu kwamba amejibu, ila kwenye rekodi, si kwenye redio.

Nilimsimulia mzee wetu yote hii. Alinyamaza kwa ile ya moto. Kwa ile ya kobe alicheka mpaka akakohoa, halafu akauliza kama na sisi huku tunaweza kuanzisha hicho chama, na nani atalipa ya kwanza.