Meza ya Sentimita 90: Historia Fupi ya Wachoraji Wanaojiuzia Kazi Zao huko Tokyo

Mwaka uliopita nilianza kuuza stika katika hosteli yetu hapa Kampala. Nilikuwa nachora wahusika wa manga, yaani katuni za Kijapani, kisha nazichapisha mjini na kuuza kila moja shilingi 1,000. Jioni moja dada mmoja anayesomea sheria alinunua tatu, akazitazama, akaniuliza: "Lakini hizi sura ni zako?" Nilicheka tu, kwa sababu sikuwa na jibu. Baadaye nilianza kutafuta kama kuna watu waliowahi kuulizwa swali hilo kabla yangu. Nilikuta kwamba huko Japani swali hilo lina historia ya karibu miaka 50, na historia yenyewe imefanyika juu ya meza ndogo za kukodi. Katika insha hii nitaeleza jinsi soko la Comiket lilivyoanza, jinsi lilivyokaribia kuangamia, na kile lililowafundisha wachoraji wasio na kampuni.

Comiket ni kifupi cha Comic Market. Ili kuelewa chanzo chake inabidi turudi nyuma hadi mwaka 1967, wakati mchoraji mashuhuri Osamu Tezuka alipoanzisha jarida lililoitwa COM. Jarida hilo liliwapa vijana nafasi ya kutuma michoro yao, kusahihishwa na kufahamiana. Lilipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, vikundi vilivyokuwa vimejengeka kulizunguka vilibaki kama vifaranga wasio na mama. Hata hivyo vijana hawakuacha kuchora. Uchapaji wa ofseti ulikuwa umeanza kupatikana kwa bei nafuu, na kikundi cha wanafunzi kiliweza kuchangishana na kuchapisha kijitabu chake chenyewe. Vijitabu hivyo huitwa dojinshi. Kilichokosekana kilikuwa mahali pa kuviuzia.

Mashabiki walikuwa na kongamano lao kubwa, Manga Taikai. Lakini mwaka 1975 waandaaji wake walimkatalia kushiriki shabiki mmoja wa kike aliyekuwa amewakosoa. Kikundi cha wahakiki vijana kilichoitwa Meikyu kilikasirishwa na jambo hilo. Waliokuwa mstari wa mbele ni Yoshihiro Yonezawa, Teruo Harada na Jun Aniwa. Waliona kwamba kulalamika peke yake hakutoshi, wakaamua kufungua soko lao wenyewe. Tarehe 21 Desemba 1975, katika ukumbi wa Nissho mjini Tokyo, vikundi 32 vilipanga vijitabu vyao mezani. Watu waliofika walikuwa kama 700, na wengi wao walikuwa wasichana wa shule waliopenda manga za wasichana za waandishi kama Moto Hagio.

Hapa naomba msomaji azingatie jambo moja. Soko hili lilizaliwa kwa sababu mtu mmoja alifungiwa mlango. Kwa hiyo waanzilishi waliweka kanuni ambayo ipo hadi leo: katika Comiket hakuna "wateja". Anayeuza, anayenunua na anayeelekeza foleni, wote huitwa washiriki. Wanaosimamia ukumbi ni watu wa kujitolea. Kwa mtazamo wangu kanuni hii ndiyo iliyoliokoa soko baadaye, kama nitakavyoonyesha.

Kazi ya mezani yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mchoraji hutuma maombi miezi mingi kabla. Waombaji huzidi nafasi zilizopo, kwa hiyo hupigiwa kura, na anayekosa husubiri msimu mwingine. Anayepata hupewa nusu ya meza: upana wa sentimita 90, kina cha sentimita 45, na viti viwili. Hapo ndipo huweka vijitabu, kadi, beji na stika zake. Ni lazima akadirie mwenyewe idadi ya nakala. Akichapisha chache, watu huondoka mikono mitupu. Akichapisha nyingi, hurudi nyumbani na maboksi. Wengi hawapati faida. Hulipa mchapaji, nauli na ada ya meza, na wakimaliza hesabu hukuta wametoa zaidi ya walichoingiza. Bado hurudi kila Agosti na kila Desemba.

Katika miaka ya 1980 soko lilikua haraka. Lilihamia viwanja vya maonyesho vya Harumi, na mafanikio ya Captain Tsubasa, manga ya mpira wa miguu iliyoanza mwaka 1981, yalileta wimbi kubwa la wasichana waliochora hadithi zao wenyewe kuhusu wachezaji wale. Baadhi ya waliopita kwenye meza hizo walipanda juu. Kikundi cha wanawake cha CLAMP kilianza kwa dojinshi kabla ya kuchapishwa na kampuni mwaka 1989. Wengine walifuata njia hiyo hata katika michezo ya kompyuta: mwaka 2000 kikundi cha TYPE-MOON kiliuza mchezo wake wa Tsukihime kwenye Comiket ya Desemba, na kufikia mwaka 2004 kilikuwa tayari kampuni.

Lakini ng'ombe akinenepa huonwa na wengi. Mwaka 1989 Japani ilishtushwa na kesi ya muuaji wa watoto, na magazeti yakamweleza kama shabiki wa katuni na video. Ghafla kila shabiki alitazamwa kwa jicho la wasiwasi. Wakati huo Comiket ilikuwa imehamia ukumbi wa Makuhari Messe, nje ya Tokyo. Mwaka 1991, kutokana na malalamiko kuhusu vijitabu vya ngono, ukumbi huo ulikataa kuipokea tena. Maelfu ya wachoraji walikuwa na maandalizi tayari na hawakuwa na mahali pa kwenda. Yonezawa, aliyekuwa ameshika uongozi tangu mwaka 1980, alilazimika kurudisha soko Harumi kwa haraka.

Uongozi ungeweza kufunga soko, au kuwafukuza wachoraji wote waliolalamikiwa. Ulichofanya ni kujiwekea ukaguzi wake wenyewe. Kila kikundi kilitakiwa kutoa nakala ya kila kijitabu kipya asubuhi kabla ya milango kufunguliwa, na wakaguzi walikuwa washiriki wenzao. Wapo wanaosema huo ni udhibiti wa maoni. Mimi nadhani ulikuwa ndio bei ya kubaki. Mwaka 1996 soko lilihamia ukumbi mkubwa wa Tokyo Big Sight, ambao umekuwa makao yake tangu hapo.

Tishio la pili ndilo linalonihusu mimi na stika zangu, yaani hakimiliki. Dojinshi nyingi hutumia wahusika wa watu wengine. Kwa muda mrefu sheria ya Japani ilisema kosa la hakimiliki haliwezi kushtakiwa mahakamani mpaka mwenye mali alalamike. Kampuni nyingi zilinyamaza, kwa kuwa zilijua kwamba mchoraji wa leo mezani ni mwajiriwa wa kesho, na kwamba shabiki anayenunua kijitabu hununua na kitabu chenyewe. Ukimya huo haukuwa ruhusa. Mwaka 1999 mchoraji mmoja mwanamke alikamatwa baada ya Nintendo kulalamikia dojinshi yake ya Pokémon. Mwaka 2005 mwingine alichora "mwisho" wa hadithi ya Doraemon kwa ustadi mkubwa, zikauzwa nakala zipatazo 13,000. Baada ya wenye haki kulalamika, aliomba radhi na kulipa sehemu ya mapato yake. Kosa lake lilikuwa lilelile la maelfu ya wenzake. Tofauti ni kwamba alifanikiwa mno.

Kuanzia hapo wachoraji walianza kutafuta kitu kigumu zaidi kuliko ukimya. Mwaka 2013 mchoraji wa manga Ken Akamatsu, aliyewahi kuuza dojinshi yeye mwenyewe, alisaidia kuanzisha alama maalumu ambayo mwandishi huiweka kwenye kazi yake kuonyesha kwamba anaruhusu mashabiki kuitumia kwa dojinshi. Kisha mkataba wa biashara wa nchi za Pasifiki ukaitaka Japani iruhusu mashtaka hata bila malalamiko ya mwenye mali. Mjadala ulikuwa mkali. Sheria mpya ilipoanza kutumika tarehe 30 Desemba 2018, iliwalenga wanaonakili kazi kama ilivyo kwa faida na kumharibia mwenyewe soko. Mchoraji anayebuni hadithi mpya kwa wahusika wa mwingine alibaki chini ya utaratibu wa zamani.

Mwaka 2019 Comiket ya Desemba ilipokea watu 750,000 kwa siku nne. Miezi michache baadaye likaja janga la korona, na soko la Mei 2020 likafutwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia yake. Wachoraji waliuza kwa intaneti, na mashabiki wakawanunulia ili wao na wachapaji wadogo wasianguke. Ukumbi ulifunguliwa tena tarehe 30 Desemba 2021, kwa idadi ya watu iliyowekewa kikomo.

Kwa kuhitimisha, naona kwamba kipaji hakikutosha kumlinda mchoraji wa kujitegemea. Kilichomlinda ni kuwa na wenzake waliokuwa tayari kukodi ukumbi, kupanga viti, kukaguana na kubishana na serikali. Vikundi 32 vya mwaka 1975 vilikuwa na vijitabu vya kawaida tu, lakini vilikuwa na mlango wao wenyewe. Na historia hiyohiyo inaonyesha kwamba anayesimama kwa ukimya wa mwingine hasimami imara, kwa sababu siku biashara yake itakapokua ndiyo siku atakayoulizwa.

Dada yule wa sheria nilimpa jibu muhula huu. Nilimwambia, "Hapana, hazikuwa zangu." Kisha nikamwonyesha stika mpya: kondakta wa teksi, mama wa rolex na boda aliyelala juu ya pikipiki yake, wote niliowabuni mwenyewe. Zinanunuliwa polepole kuliko zile za zamani. Wanafunzi watano wanaochora tumeanza kuchangishana ili tukodi meza moja kwenye maonyesho ya wanafunzi. Bado hatujakubaliana nani atakaa kwenye kiti cha pili.