Monita Imekataa Kuwaka? Cheki Bodi ya Stima Kabla Ununue Ingine

Monita ikizima ghafla, wasee wengi husema skrini imekufa na kuanza kusaka doo ya ingine. Tulia kwanza. Mara mob skrini iko fiti. Iliyolala ni bodi ya stima, kale kabodi ka ndani kanakopokea 240V za ukuta na kuzitoa zikiwa volti chache: kawaida 5 za kuendesha akili ya monita, na kama 12 hadi 20 za upande wa taa za nyuma ya skrini.

Anza na vitu rahisi. Badilisha soketi, badilisha waya. Kama monita yako inatumia waya kama ule wa CPU, azima huo. Kama inatumia adapta ya nje, pima adapta kwanza. Ikiwa imeandikwa 19V na multimita inasoma sifuri, umeshapata mwizi. Usifungue kitu.

Kisha soma dalili. Taa ya kitufe haiwaki kabisa? Shuku fyuzi na upande wa stima kubwa. Inawaka na kuzima, ama lazima ubonyeze mara kumi ndio ianze? Hizo mara nyingi ni kapasita zimechoka. Picha inakuja sekunde mbili halafu giza? Mulika skrini na tochi ya simu. Ukiona picha hafifu, skrini inafanya kazi, ni taa za nyuma zimekatika. Kwa monita za kitambo, mtambo wa hizo taa huwa kwa bodi hiyo hiyo.

Sasa hapa kwa kufungua ndio kuna ngori, so usiruke hii paragrafu. Kuna kapasita moja nono imeandikwa 400V ama 450V. Hiyo hubeba kama volti 340 za DC, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya. Buda, hiyo inaweza kukuua. Chomoa, ngoja dakika kumi, halafu pima miguu yake na multimita ikiwa kwa DC. Kama bado kuna volti, zimalize na rezista ya kilo-omu chache, wati 5, ukiishika na koleo yenye mpini wa plastiki. Usigongeshe na bisibisi vile mafundi wengine hufanya wakijishaua. Pima tena. Ikisoma karibu sifuri ndio unagusa.

Angalia sasa zile kapasita ndogo. Kichwa kinafaa kuwa flati. Kikiwa kimevimba kama soda iliyosahauliwa kwa jua, ama kuna uchafu wa kahawia chini, hiyo imeenda. Joto ndilo huziua. Maji ya ndani hukauka pole pole. Lakini usidanganyike, hata yenye kichwa flati inaweza kuwa imekufa, so ukibadilisha moja, badilisha zote za upande huo.

Ukienda Luthuli Avenue kununua, beba ile ya zamani. Maikrofaradi ziwe zile zile, volti ziwe sawa au zaidi, joto 105°C, na mwambie muuzaji unataka za bodi ya stima, si za redio. Ule mstari wa pembeni ni upande wa hasi. Ukiigeuza italipuka.

Fyuzi ikiwa imekatika, kuna kitu kimeikata. Kawaida ni daraja la dayodi ama ile transista kubwa iliyofungwa kwa bati la kupoza joto. Ukiweka fyuzi mpya bila kupima hizo, utachoma ingine. Na ukizungushia waya badala ya fyuzi, hapo unacheza na keja nzima.

Huna mkono wa solda? Peleka kwa fundi, lakini nenda ukijua. Mwambie akuonyeshe vitu alivyotoa. Akisema skrini imekufa na wewe umeona picha na tochi, beba monita yako uende kwa mwingine. Ila kama skrini imepasuka, hiyo bodi haitakusaidia, usitupe ganji.

Ukiamua kununua bodi nzima, fuata namba iliyochapwa kwa bodi yenyewe, si jina la monita. Monita mbili za modeli moja zinaweza kuwa na bodi tofauti kabisa, na plagi zikiingia haimaanishi volti zinafanana.