Kiungo cha cheni ya pikipiki: Jinsi ya kukichagua na kukifunga kabla ya safari ndefu

CHENI ya pikipiki huundwa kwa viungo zaidi ya mia moja vinavyofanana. Hata hivyo, katika pikipiki nyingi za bodaboda ni kimoja tu kinachoweza kufunguliwa kwa koleo. Hicho ndicho kinachounganisha ncha mbili za cheni, na kikifungwa vibaya ndicho huachia kwanza.

Kwa mwendeshaji anayezungukia mitaa ya Ruiru, cheni ikikatika hasara huwa ni nusu saa na nauli ya abiria mmoja. Kwa anayeondoka Thika kuelekea Matuu, Mwingi hadi Garissa, safari ya zaidi ya kilomita 300, mambo ni tofauti. Sehemu kubwa ya njia hiyo haina duka la vipuri wala fundi. Nayo barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, ina magari yaendayo kasi. Cheni ikikatikia hapo yaweza kujikunja kwenye sproketi ya mbele, ikapasua kasha la injini au kulizuia gurudumu la nyuma lisizunguke.

Aina za viungo

Kiungo cha klipu kina pini mbili, bamba la nje, na klipu ya chuma inayoingia katika mifuo iliyokatwa kwenye ncha za pini. Ndicho kinachotumika zaidi katika pikipiki za injini ndogo kwa kuwa hufungwa na kufunguliwa bila mtambo maalumu.

Kiungo cha ribiti hakina klipu. Ncha za pini zake hupanuliwa kwa kifaa maalumu mpaka bamba lisiweze kutoka. Ni imara zaidi, na ndicho kifaacho pikipiki zenye nguvu. Kikishafunguliwa hakitumiki tena.

Cheni zenye pete za mpira kati ya mabamba huhitaji kiungo chenye pete zake nne. Pete moja ikisahauliwa, grisi hutoka, vumbi likaingia, na pini huanza kulika.

Soma namba

Namba ya cheni hupigwa muhuri kwenye mabamba yake. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia 428. Tarakimu ya kwanza huonyesha umbali kati ya pini na pini kwa sehemu za nane za inchi. Hivyo 428 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Cheni ya 520, ya pikipiki kubwa, ina milimita 15.875. Herufi H baada ya namba humaanisha mabamba mazito zaidi.

Kulingana kwa namba pekee hakutoshi. Unene wa pini na wa mabamba hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hivyo kiungo bora ni cha mtengenezaji yule yule na cha aina ile ile ya cheni. Kiungo kinachocheza kinapoingizwa kifaa kirudishwe dukani.

Namna ya kufunga

Ncha mbili za cheni hukutanishwa juu ya meno ya sproketi ya nyuma, ambayo huzishikilia zisiteleze. Pini zipakwe grisi na kuingizwa kutoka upande wa gurudumu, bamba na klipu vikae nje.

Ncha ya klipu iliyozibwa lazima ielekee kule cheni inakokwenda. Cheni ya juu huenda mbele. Basi kiungo kikiwa juu, ncha hiyo itazame mbele, na kikiwa chini itazame nyuma. Sababu yake ni nyepesi: jiwe likigonga ncha iliyozibwa, klipu hubaki mahali pake, lakini likigonga ncha iliyo wazi, klipu huchomoka.

Klipu isukumwe kwa koleo mpaka iingie katika mifuo yote miwili. Isipanuliwe kwa bisibisi, kwani ikishapinda hulegea. Hatimaye kiungo kikunjwe kwa vidole: kikiwa kigumu kuliko vingine, bamba limebanwa kupita kiasi. Baadhi ya waendeshaji wa njia za mawe huipaka klipu gundi ya silikoni ili isichomoke. Gundi ikianza kubanduka, ni ishara ya kuikagua klipu.

Kabla ya kuondoka

Kiungo kipya hakiiponyi cheni kuukuu. Katika cheni ya 428, pini 21 zilizofuatana huchukua milimita 254 cheni ikiwa mpya. Zikifika milimita 259, cheni ibadilishwe pamoja na sproketi zake. Cheni iliyokazwa mno huumiza kiungo sawa na iliyolegea. Kipimo sahihi kimo katika kitabu cha pikipiki.

Vumbi la machimbo ya mawe ya Juja na tope la masika huificha klipu isionekane. Cheni isafishwe kwa brashi na mafuta ya taa, ikauke, ipakwe mafuta, kisha klipu ikaguliwe kila pikipiki inapotiwa petroli.

Katika mfuko wa spana pawemo viungo viwili vya akiba, klipu za ziada, koleo na kifaa cha kusukumia pini. Hata cheni ya ribiti huweza kufungwa kwa kiungo cha klipu ikikatika njiani, mradi mwendo upunguzwe mpaka fundi apatikane. Usipoziba ufa utajenga ukuta.