Njia za njaa mpakani Busia

Jopadhola wa Sop Sop upande wa Uganda, Wasamia na Wateso wamelima wimbi na mtama kando ya njia zilizo kongwe kuliko mpaka wa Kenya na Uganda. Misafara kutoka pwani ilipita kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, ikielekea Busoga na Buganda. Mamia ya wapagazi hawakuweza kubeba chakula cha safari nzima, kwa hiyo walilishwa na ghala za wenyeji. Mwaka 1895 Kapteni Bertram Sclater alikabidhiwa kazi ya kuendeleza barabara ya magari ya maksai kutoka Kibwezi hadi Busia. Desemba 1901 reli ikafika Kisumu, na barabara hiyo ikapoteza wasafiri wake.

Aprili 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia upande wa Kenya ya leo. Hilo, kwangu, ndilo jeraha lenyewe. Mvua ilipokosekana, watu walikwenda kuhemea kwa wajomba na wakwe. Sasa wajomba wale wakawa raia wa serikali nyingine.

Barabara nazo zilidai jasho. Huko Bukedi, mashariki mwa Uganda, mkuu wa Kiganda Semei Kakungulu aliwalazimisha wenyeji kuzilima. Si hapa tu barabara na njaa vilikutana: huko Ireland, katika njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliyoua watu wapatao milioni moja, wenye njaa walivunja mawe kwa ujira mdogo, wakajenga barabara ambazo baadhi hazikufika popote.

Njaa ya 1918 na 1919 iliwakuta watu hoi. Wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa kulibebea jeshi mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ukame ukabana, mafua makali yakaingia. Busoga jirani ilizika watu wengi mno. Machifu wakaja kuamrisha kila kaya ipande mihogo ya akiba, na mihogo ikawa tegemeo.

Tegemeo hilo nalo likaanguka. Batobato kali, ugonjwa wa mihogo, ilizuka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, ikasonga mashariki, na katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imevuka hadi magharibi mwa Kenya. Majani yalijikunja, mizizi ikatoka myembamba kama vidole. Nzi weupe waliieneza, na ndugu nao waliibeba bila kujua, wakipelekeana pingili za kupanda. Watafiti wa Namulonge, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uganda, walipotoa mbegu zinazostahimili, wakulima wa Busia ya Kenya nao walizipanda.