Bloku Isiyo na Mzazi

Jumamosi ya tarehe 3 Januari, 2009, gazeti la The Times la London lilipotoka na habari kwamba Waziri wa Fedha wa Uingereza yu karibu kuyaokoa mabenki kwa mara ya pili, mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto, ambaye nasaba yake haijulikani hata leo, aliyatwaa maneno ya kichwa cha habari ile, pamoja na tarehe yake, akayatia ndani ya bloku ya kwanza ya daftari la Bitcoin. Nia yake hakuieleza. Lakini maneno yale ni ushahidi thabiti kwamba bloku haikukamilika kabla ya gazeti kuchapwa, nami naamini kwamba aliyechagua habari ya mabenki, miezi michache tu tangu kuanguka kwa benki ya Lehman Brothers, hakuiokota kwa kubahatisha.

Bloku hiyo huitwa Mwanzo, kama kitabu cha kwanza cha Torati. Kila bloku nyingine hubeba muhuri uliopatikana kwa hesabu kutokana na ile iliyoitangulia, hata mtu akithubutu kugeuza herufi moja ya zamani, mihuri yote ifuatayo hubatilika. Bali Mwanzo haikutanguliwa na kitu, na mahali pa muhuri wa mzazi pamejazwa sifuri tupu, 64 kwa idadi. Basi uhalali wake umetoka wapi, ikiwa haikurithi? Umo katika programu ya Bitcoin yenyewe, ambamo bloku hiyo iliandikwa tangu awali, na kompyuta yenye Mwanzo mwingine huwa imeshika daftari jingine kabisa.

Bitcoin 50 zilizokuwa ujira wa bloku ile haziwezi kutumika abadan, kwa kuwa programu haikuziingiza katika hesabu ya fedha zinazoweza kutolewa. Hata hivyo watu wamekuwa wakipeleka vijisehemu vya fedha zao kwenye anwani iliyoandikiwa ujira ule, mithili ya wapelekao ubani na nadhiri kwenye kaburi la walii.

Bloku ya pili, ambayo kwa kanuni ingalitarajiwa baada ya dakika 10 hivi, haikuja ila tarehe 9 Januari. Na mahali pa mzazi wake paliandikwa muhuri wa Mwanzo, unaoanza kwa sifuri 10, kisha 19d6689c.